Mtoto wa Siku Sita

Mtoto alikuwa na siku sita, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

Asiyeujua mji ule atasema haiwezekani. Aliyekaa pale hata wiki moja hatasema neno, maana atakuwa ameyaona mwenyewe. Mji ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na Orodha. Jina lako likiwa ndani ya Orodha, huvuki. Hakuna anayekupiga, hakuna anayekufunga pingu. Unaambiwa tu, "Kaa pale kwenye benchi, ndugu, usubiri kidogo." Ukishakaa, siku yako inasimama. Za wenzako zinakwenda, yako imesimama. Ndevu hazioti, kucha hazirefuki, njaa haizidi wala haipungui. Bi. Mize alifika langoni na kapu la nyanya za harusi ya mpwa wake. Mpwa akaolewa, akaachika, akaolewa tena mahali pengine, na nyanya za Bi. Mize zilikuwa bado ngumu, zinang'aa kama zimechumwa asubuhi ileile.

Mtoto alikuwa wa Kibwana Mshangama, mdogo wake Zamoyoni. Alizaliwa ng'ambo ya lango, kwa Raya, mke wa Kibwana. Kwa desturi ya watu wale, mtoto hupewa jina siku ya saba, na jina haliombwi kwa simu. Baba huliendea kwa miguu yake mpaka kwa watu wa ukoo, akae, anywe uji, aambiwe, "Chukua hili, lilikuwa la fulani." Siku ya tano Kibwana akavuka kuja kulichukua. Lango halikumjali anayeingia. Siku ya sita, akirudi, mlinzi akabonyeza kitufe, akatazama kioo cha kompyuta, akasema kwa upole kabisa, "Kaa pale kwenye benchi, ndugu."

Siku ya saba haikuja, maana haiji bila jina.

Kila asubuhi Raya alipiga simu, na kila asubuhi Kibwana aliuliza yaleyale.

"Kitovu?"

"Hakijadondoka."

"Ananyonya?"

"Ananyonya kama jana."

Jana ipi, hakuna aliyeuliza. Mara moja tu, mwaka wa nne au wa tano, Raya alisema, "Baba watoto, mikono yangu imechoka kubeba mtoto mchanga. Nataka anikimbie. Nataka nimfokee." Kibwana akakata simu, akatazama miguu yake mpaka jioni.

Zamoyoni, dada yake Kibwana, alikuwa fundi. Simu, kompyuta, redio, chochote chenye waya. Duka lake lilikuwa hatua arobaini kutoka langoni, na kwa miaka kumi na moja alizitembea hatua hizo kila mchana akimpelekea ndugu yake chakula ambacho hakikumshibisha wala kumpunguzia njaa. Alimwita Babu. Si kwa utani. Kibwana alipewa jina la babu yao mzaa baba, na anayebeba jina la mtu hubeba na heshima yake, hata mama yao alimwogesha Kibwana utotoni akimwambia, "Inua mkono, baba mkwe." Ndivyo walivyoishi na wafu wao, bila kelele, kwa kuwaita majina kila siku na kupata mtu wa kuitikia.

Sasa lieleweke jambo moja, maana baadaye yalisemwa mengi: Zamoyoni hakuvunja kitu. Mtu akisikia neno mdukuzi anafikiri ni mtu mwenye nondo. Kweli, kwa miaka ile yote alikuwa amezungukia mashine za serikali akijaribu milango, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imefungwa, na yeye kama fundi aliiheshimu kufuli nzuri. Alichokikuta siku ile hakukitafuta. Ofisi ya tiketi ilimwita atengeneze printa iliyogoma. Akachomeka waya, akauliza mtandao wa ofisi, printa iko wapi. Mtandao ukamwonyesha printa, na pembeni yake kompyuta moja iliyosahaulika, iliyowekwa na kampuni ya tiketi kwa ajili ya majaribio. Haikuwa na neno la siri. Ilikuwa wazi kama choo cha sokoni. Ndani kulikuwa na zamu za walinzi, picha za sherehe ya mtu, kanuni za lango, na faili moja lililoitwa Orodha. Hivyohivyo, Orodha. Mtu aliihitaji kuona kama kompyuta za tiketi zinafanya kazi, akainakili yote, akajaribu, akaridhika, akaenda zake nyumbani.

"Yaani hivi?" Zamoyoni alisema kwa sauti.

"Printa imepona?" karani akauliza kutoka dirishani.

"Bado. Ina mambo."

Alikaa chini, sakafuni, kompyuta mapajani. Alijisikia kama mtu aliyeogopa mbwa miaka na miaka kwa kumsikia akibweka nyuma ya ukuta, kisha siku moja ukuta ukaanguka, akaona ni kinasa sauti. Je, mtu anaogopa nini hasa anapoogopa wakubwa? Anaogopa kwamba wanamjua. Kwamba mahali fulani kuna chumba cha chuma, na ndani yake kuna mtu asiyelala anayejua ulisema nini, ulimcheka nani, moyo wako uko upande gani. Na kumbe hakuna chumba. Hakuna mtu. Kuna faili limeachwa kwenye kompyuta ya majaribio, kama nguo zilizosahauliwa kambani mvua inanyesha, na aliyeziacha hajui hata ni za nani. Wanaokuzuia hawakujui. Hilo lilimuuma kuliko angekuta wanamjua. Nchi ile ilikuwa na watu milioni mbili. Orodha ilikuwa na majina milioni mbili na nusu.

Akaandika jina la ndugu yake. Likatokea mara moja.

Kibwana Mshangama. Kazi: seremala. Kosa: alipoagizwa kutengeneza lango, alisema hatengenezi mlango unaofunguka upande mmoja.

Zamoyoni alisoma tena. Ndugu yake hakuwa seremala. Ndugu yake hawezi kupigilia msumari bila kujipiga kidole. Seremala alikuwa babu. Akatazama mwaka wa kuzaliwa, na ulikuwa wa babu. Babu alikufa kabla Zamoyoni hajaota meno, alizikwa na watu wengi katika udongo mkavu. Lakini serikali haikumwona akifa. Iliona jina likinyamaza miaka michache, kisha jina lilelile, ukoo uleule, likianza tena kupita mitaani, na ikaamini kitu kilekile ambacho mama yao aliamini akimwogesha mtoto: kwamba mzee hajaondoka, amerudi.

Walikuwa wamekosea wote pamoja, serikali na mama. Tofauti ni kwamba mama alikosea kwa mapenzi.

Printa ikapona. Zamoyoni akailisha bunda la karatasi za tiketi, zile ndefu zinazojikunja, akachapisha ukurasa wa Orodha wenye watu wa mji ule. Akachapisha na kanuni za lango. Kisha akaaga.

Benchini walikuwa watu kumi na saba. Kibwana alisogea kumpisha.

"Babu," alisema Zamoyoni kwa sauti ya chini, "nimeiona."

"Umeona nini?"

"Orodha."

Kibwana akasema, haraka, kama mtu anayeogopa kuamka, "Nifute. Dada Zamo, nifute sasa hivi. Una mikono hapo, nifute."

"Niliyoikuta ni nakala. Nikiifuta nakala, nimefuta karatasi. Ile wanayotazama pale langoni iko palepale."

"Sasa umeona ili iwe nini?"

"Usinikaripie."

"Sikukaripii, nakuuliza! Miaka kumi na moja nakula wali wako. Mtoto wangu ana kitovu kibichi miaka kumi na moja. Unakuja kuniambia umeiona, kama umeona tembo."

Bi. Mize, aliyekuwa ameegemea kapu lake, akasema bila kugeuka, "Nanyi ongeeni kwa sauti, wengine hatusikii vizuri. Mimi nimo?"

"Umo, Bi. Mize."

"Nimefanya nini?"

"Uliuza nyanya kwa mtu aliyekuwa ameandikwa."

"Mmoja tu?" Bi. Mize alionekana kuudhika. "Miaka yote ile sokoni, mteja wangu mbaya ni mmoja tu?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha ajabu, maana benchini hakikuwahi kusikika. Kibwana peke yake hakucheka. Zamoyoni akamshika goti.

"Sikiliza. Nimesoma na kanuni. Kanuni ya tisa. Jina lililo kwenye Orodha likiitwa langoni mara tatu mchana kweupe na lisiitikiwe, mwenye jina amekufa, mlinzi alifute. Imeandikwa. Ipo tangu siku lango lilipowekwa."

"Mbona haijawahi kutumika?"

"Nani aite, Babu? Orodha ni siri. Huwezi kuita majina ya siri. Ndiyo maana wafu wote wamo humo wanaishi. Hawawezi kufa kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuwaita."

Kibwana akaelewa polepole. Zamoyoni aliuona usoni mwake ule mwanga wa kuelewa, na nyuma yake kitu kingine, baridi.

"Yaani utaniita."

"Nitamwita babu."

"Utaniita jina langu, nami ninyamaze."

"Mara tatu."

Katika mji ule hapakuwa na jambo zito kuliko hilo. Ukiitwa unaitika. Mwanamume husema naam, mwanamke husema abee, hata kama mnagombana, hata kama una mdomo umejaa chakula. Anayenyamaza akiitwa amejitoa mwenyewe kwa walio hai. Watu walisimulia habari za mume aliyefanya hivyo kwa hasira, na jirani zake wakaanza kumpita bila kumsalimu, si kwa chuki, bali kwa sababu hawakumwona tena.

"Na nikishanyamaza," Kibwana aliuliza, "mimi nitakuwa nani?"

Zamoyoni alikuwa fundi. Alijua kufungua kitu na kukirudisha, na kuna vitu vingine ukivifungua skrubu moja inabaki mkononi na hujui ilikotoka. Akasema, "Sijui. Lakini ukiitika, utabaki benchini na jina lako zuri."

Saa saba mchana, jua kichwani, Zamoyoni akasimama mbele ya lango na karatasi yake ndefu. Mlinzi wa zamu alikuwa Afande Silima, mtu mnene mwenye sauti ya upole, yuleyule aliyesema "kaa pale" miaka yote kumi na moja.

"Fundi, una nini hapo?"

"Orodha, afande."

"Orodha ipi?" Kisha akaiona. Akaruka kutoka kitini. "Hiyo ni siri! Umeitoa wapi?"

"Imeachwa kwenye kompyuta ya tiketi, haina hata neno la siri. Karani akikosea kubonyeza anaweza kuichapisha badala ya tiketi. Siri gani hiyo, afande? Ni siri kwetu tu tuliomo."

"Nitakukamata."

"Nikamate nikimaliza. Kwanza soma hii, kanuni ya tisa." Akampa. "Ni yako, si yangu."

Afande Silima akasoma. Alikuwa mtu wa kanuni, na hapo ndipo penye tumaini la ajabu kwa watu wa namna hiyo: huishi kwa kufuata maandishi, na hawajawahi kuyasoma yote. Akaisoma mara mbili akifuata kwa kidole. Kisha akavuta daftari, akafungua kalamu, akasema kwa unyonge, "Ita."

Zamoyoni akaita. Alianza na wengine. Akamwita mtu fulani, kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu kimya, na mzee mmoja benchini akasema, "Huyo tulimzika mwaka wa mafuriko." Afande akaandika, akafuta kwenye mashine. Akaita mwingine, kimya. Akamwita Bi. Mize, na Bi. Mize akapaaza sauti, "Abee! Niko hapa, na nataka hilo kosa langu lisomwe kwa sauti." Afande akalazimika kulisoma. Watu walikuwa wameanza kutoka madukani. Kosa lililokaa gizani miaka na miaka likiogopwa na wote, sasa lilisimama juani, na lilikuwa dogo, dogo mno, kama mtu aliyevuliwa koti la kaka yake. Afande alilitazama muda mrefu. Kisha akasema hajui alifute kwa kanuni ipi, lakini hawezi kulisoma mara ya pili mbele za watu, basi alifute tu.

Halafu likaja jina lile.

"Kibwana Mshangama!"

Aliliita kwa sauti yake ya kila siku, kwa sababu hakuwa na nyingine. Sauti ya kumwita aje kula. Ya kumwita atoke mtoni akiwa na miaka sita. Hakuwahi kumwita ndugu yake asiitikiwe. Nyuma yake alisikia pumzi ikivutwa, pumzi ya mtu anayetaka kusema naam, akaomba moyoni, usiitike, usiitike mdogo wangu, usinisikie, mimi si dada yako, mimi ni upepo, mimi ni redio ya jirani.

Kimya.

"Kibwana Mshangama!"

Hapa ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anamwita kweli. Kimya cha kwanza kilimtisha. Mdomo wake uliita, na moyo wake, mkaidi, ukataka kujibiwa. Na aliwaza: kumbe ndivyo wanavyofanya wao. Wanatuita kwa majina ya watu wengine, nasi kwa adabu tunaitika. Mwizi, naam. Adui, naam. Mshukiwa, abee. Adabu yetu ndiyo benchi tulilokalia. Je, mtu ni jina lake, au ni yule anayeamua kulijibu? Babu alikataa kutengeneza mlango. Huyu anakataa kuitika. Pengine damu hupita hapo, si kwenye jina. Pengine.

Kimya.

Mara ya tatu sauti yake ilipasuka, akaita kama wanavyoita makaburini. Hakuna aliyejibu. Mbwa mmoja tu alipiga chafya. Afande Silima akainamisha kichwa, akaandika, akabonyeza kitufe. "Kibwana Mshangama, seremala," alisema, "amefariki. Mungu amrehemu."

"Amina," wakajibu watu, na mzee akafa hatimaye, akiwa amechelewa sana, mchana, mbele za watu, kwa heshima.

Kibwana akainuka. Alipofika kizingitini uso wake ulikuwa umelowa na alionekana mdogo, kama aliyetoka kuoga. Afande akamtazama kana kwamba hajawahi kumwona.

"Wewe ni nani?"

"Sijui, afande. Nilikuwa na jina, sasa sina."

"Siwezi kumpitisha mtu bila kumwandika. Niandike nani?"

Kibwana akamgeukia dada yake, naye akatikisa kichwa. Hili alipaswa kulijibu mwenyewe.

"Andika baba wa mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Bado hana jina. Ndiyo nampelekea."

Afande akaandika: baba wa mtoto asiye na jina. Mashine ikatafuta, ikatafuta, majina milioni mbili na nusu, ikasema hayumo. Lango likafunguka kwa mlio wa kawaida wa bawaba zinazohitaji mafuta. Akavuka akikimbia, na Zamoyoni akaona kwamba anachechemea. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, miaka kumi na moja ya kukaa ikimrudia yote kwa pamoja, na mvi zikimwota shingoni akienda.

"Fundi," aliita Afande Silima taratibu, watu walipopungua. "Hebu nitazamie. Mimi nimo?"

Akatazama. "Umo."

"Sababu?"

"Inasema unawajua waliomo."

Afande alicheka kidogo, kisha akaacha. Akavua kofia, akaenda kukaa benchini, karibu na Bi. Mize, ambaye alikuwa akizibonyezabonyeza nyanya zake akilalamika kwamba zimeanza kulainika na atafika vipi nazo. "Basi kesho niite na mimi," alisema Afande. "Nitafikiri kama niitike."

Simu ya Zamoyoni ililia alasiri. Kelele zilikuwa nyingi upande ule, wanawake wakipiga vigelegele, sufuria, mtoto akilia kwa nguvu, kilio kipya kabisa.

"Kimedondoka!" Raya alipiga kelele. "Wifi, kitovu kimedondoka!"

"Mpe simu Babu."

"Babu gani? Huku hakuna babu."

Ndugu yake akaja kwenye simu. Alikuwa akihema.

"Umempa jina gani?" Zamoyoni aliuliza. "Nakuomba, mpe jina jipya. Mpe jina la mti, la mvua, lisilo la mtu."

"Nilifikiri hivyo njiani, hata lile nililopewa na ukoo nikaliacha," alisema. "Halafu nikaona, katika nchi nzima kuna jina moja tu ambalo serikali yenyewe imeandika kwa mkono wake kwamba halina mtu tena. Jina safi kuliko yote. Nikampa hilo. Anaitwa Kibwana."

Zamoyoni akakaa chini. "Nawe je? Umebaki bila jina?"

"Nani kasema? Hawa wanawake wananiita tangu nimeingia, hata kupumua sijapata. Baba Kibwana chukua maji, Baba Kibwana mshike mtoto shingo." Akashusha sauti. "Niite, dada."

"Baba Kibwana."

"Naam," alisema.

Na kesho yake mtoto akawa na siku nane, na hakuna mtu aliyeona ajabu.